Mashine ipi ya kukamua mafuta ya nazi inakifaa kikundi?

Kikundi kinapokaa kupanga biashara ya mafuta ya nazi, mazungumzo huanzia kwenye mashine. Picha hupitishwa kwenye simu, bei hutajwa, na kabla ya kikao kumalizika tayari kuna mwanachama anayetaka ile kubwa kuliko zote. Nazi zenyewe hujadiliwa mwisho, au hazijadiliwi kabisa, kwa sababu kila mtu akiinua macho anaona minazi.

Hapo ndipo safari ya mashine kwenda kufunikwa turubai huanza. Si lazima iwe imeharibika. Huenda ni nzima kabisa, ila ilinunuliwa kwa kazi ambayo kikundi hakina. Inataka umeme wa fezi tatu mahali penye umeme wa nyumbani tu. Inataka mbata kavu ya kilo mia tatu kila siku, na kikundi kina wakulima wachache. Au inatoa mafuta yenye harufu ya kukaangwa, ilhali mnunuzi aliagiza mafuta meupe yasiyopitia moto.

Kwa wakazi wa Kilifi, iwe ni kikundi cha akina mama cha Kaloleni, vijana wa Rabai au chama cha ushirika cha Magarini, uamuzi huu ni wa pesa nyingi na hufanywa mara moja. Aina za mashine zinazouzwa ni chache na si vigumu kuzielewa. Kinachotakiwa ni kuzipima kwa mambo matatu: nazi ni ngapi, zitakaushwa kiasi gani, na mafuta yatauzwa kwa nani.

Kazi ni ile ile ya kifumbu

Yeyote aliyekalia mbuzi akakuna nazi, kisha akakamua tui kwa kifumbu, tayari anajua kanuni ya mashine hizi. Mafuta yamefungwa ndani ya chembe ndogo za nyama ya nazi. Kukuna huzivunja chembe hizo, kukamua huyasukuma mafuta nje. Chicha inayobaki kwenye kifumbu huwa bado ina mafuta, na ndiyo sababu hutiwa maji na kukamuliwa tena.

Katika njia ya kienyeji, tui huchemshwa mpaka maji yote yaishe na mafuta yabaki juu ya mashata. Kazi hiyo hula kuni na muda. Mashine hufanya kinyume: maji huondolewa kwanza, kwa kuikausha nazi, kisha nazi kavu ndiyo inayokamuliwa. Wazee wa Pwani waliijua njia hii kwa ufuta. Lamu na Unguja kulikuwa na vinu vya kushindikia mafuta ya ufuta vilivyozungushwa na ngamia, mche mzito ukisaga na kugandamiza mbegu kwa wakati mmoja.

Mashine zinazopatikana sasa ni za aina tatu kuu.

Ya kwanza ni ya jeki, yaani ya haidroliki. Nguvu yake ni ile ile ya jeki ya lori katika gereji: mafuta ya haidroliki yanasukumwa kwenye bomba jembamba na kuinua pistoni pana kwa nguvu kubwa mara nyingi zaidi. Joseph Bramah aliipatia kanuni hiyo haki ya uvumbuzi huko Uingereza mwaka 1795, na haijabadilika sana. Nazi iliyokunwa na kukaushwa hutiwa kwenye mifuko ya kitambaa kigumu, mifuko hupangwa ndani ya silinda yenye matundu, kisha bamba la chuma hushushwa juu yake polepole. Mafuta hutiririka, mifuko hutolewa, mingine huwekwa. Ni kazi ya mafungu, fungu moja baada ya jingine. Haileti joto.

Ya pili ni ya mkono wa kusukuma. Mtu huvuta na kusukuma nondo ndefu, nayo huendesha pistoni ndani ya bomba lenye nafasi nyembamba za kupitishia mafuta. Ilibuniwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na mhandisi Mmarekani, Carl Bielenberg, kwa ajili ya wakulima wa alizeti wasio na umeme, na baadaye ikaenea nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo. Kwa alizeti yenye ganda laini na kwa ufuta inafaa. Kwa nazi haifai sana: vipande vya mbata ni vikubwa na vigumu kwa pistoni yake ndogo, na kilo chache kwa saa si biashara ya nazi. Mkulima wa ufuta anayetaka mafuta ya nyumbani na ya kuuzia majirani anaweza kuifikiria. Kikundi cha nazi kinaweza kuiacha.

Ya tatu ni ya parafujo, ambayo mafundi huiita ekspela. Ndani ya pipa la chuma kuna parafujo nene inayozungushwa na mota au injini. Parafujo hubeba mbata kutoka mdomoni mwa mashine na kuisukuma mbele, nafasi ikizidi kuwa finyu, hadi mafuta yanapenya kati ya vyuma vya pipa na mashudu makavu yanatokea upande wa pili. Valerius Anderson wa Cleveland, Marekani, aliipatia haki ya uvumbuzi mwaka 1900. Faida yake ni kwamba haisimami. Mbata inaingia, mafuta na mashudu yanatoka, siku nzima. Bei ya faida hiyo ni joto: msuguano ndani ya pipa huyapandisha mafuta joto sana, na rangi na harufu hubadilika. Kuna zilizotengenezwa na mfumo wa kupoza pipa, lakini hizo si zile za bei nafuu zinazotangazwa mitandaoni.

Unyevu ndio unaoamua

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, na muuzaji mara nyingi hasemi chochote. Kila aina ya mashine inataka nazi yenye ukavu wake.

Nyama ya nazi mbichi iliyokomaa, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mashine ya jeki hufanya kazi vizuri zaidi nazi iliyokunwa ikiwa imekaushwa mpaka ibaki na unyevu wa asilimia 10 hadi 13. Katika kiwango hicho mafuta hutoka hata kwa mgandamizo mdogo. Ikiwa mbichi zaidi, kinachotoka ni tui, na mafuta yake hayatakaa. Ikikauka kupita kiasi, mafuta hugoma kutoka na kikundi huanza kulaumu jeki.

Parafujo inataka kinyume chake. Nazi iliyokunwa hukaushwa hadi asilimia 3 au 4 tu, na mbata hadi asilimia 6 au chini ya hapo, kisha hukatwa vipande vidogo. Mbata yenye unyevu hugeuka ugali ndani ya pipa, parafujo inazunguka mahali pamoja, na fundi anaitwa kwa mashine isiyo na hitilafu yoyote.

Kwa hiyo kikundi kinachonunua mashine kabla ya kupanga namna ya kukausha kimenunua nusu ya kiwanda. Tuseme kikundi kimekuna kilo 100 za nazi mbichi, na nusu yake ni maji. Ili kufika unyevu wa asilimia 12, zitabaki kilo 57 hivi. Maana yake ni kwamba lita 43 za maji lazima ziondoke hewani siku hiyo hiyo, kwa sababu nazi iliyokunwa ikilala inachacha. Jua la Januari linaweza kusaidia. Mvua za masika, kuanzia Aprili hadi Juni, hazitamsubiri mtu. Kikausho cha jua chenye paa la plastiki angavu, au tanuri la hewa moto linalowashwa kwa vifuu na makumbi, huenda likawa na thamani kubwa kwa kikundi kuliko mashine yenyewe. Moshi usiguse nazi. Mafuta hubeba harufu yake hadi kwenye chupa.

Unyevu unaweza kupimwa bila maabara. Gramu 100 za nazi iliyokaushwa hupimwa kwa mizani ndogo ya jikoni, huwekwa katika oveni kwenye joto la nyuzi 100 hivi, na kupimwa tena na tena mpaka uzito usipungue zaidi. Zikibaki gramu 88, unyevu ulikuwa asilimia 12. Baada ya mara kadhaa, mikono ya wakaushaji huzoea na kutambua kwa kugusa, lakini mizani isitupwe.

Tani zinazotangazwa hazisemi kila kitu

Wauzaji wa mashine za jeki hupenda kutaja tani. Jeki ya tani 30 inasikika kuwa bora kuliko ya tani 20, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Lakini nazi haijui tani. Inachosikia ni mgandamizo, yaani nguvu iliyogawanywa kwa eneo la bamba linaloikandamiza.

Bamba la mviringo lenye upana wa sentimita 20 lina eneo la sentimita mraba 314. Jeki ya tani 20 ikisukuma bamba hilo, kila sentimita mraba inapata kilo 64 hivi. Sasa ichukuliwe mashine ya tani 30 yenye bamba la upana wa sentimita 40. Eneo lake ni sentimita mraba 1,257, na kila moja inapata kilo 24 tu. Mashine "kubwa" inakamua kwa nguvu isiyofika hata nusu ya ile ndogo. Inabeba nazi nyingi zaidi kwa fungu moja, na kwa nazi yenye unyevu sahihi hata mgandamizo huo unatoa mafuta, lakini mnunuzi anapaswa kujua ananunua nini. Maswali ya kumuuliza muuzaji ni mawili: jeki ni ya tani ngapi, na bamba lina upana gani. Hesabu iliyobaki inaweza kufanywa kwa simu.

Fremu nayo itazamwe. Tani 20 zinazosukuma juu zinasukuma chini vilevile, na fremu iliyochomelewa kwa haraka hujipinda au hupasuka kwenye maungio. Mafundi wa jua kali wa Pwani wana uwezo wa kutengeneza fremu nzuri. Kinachohitajika ni kuwapa vipimo na kukataa chuma chembamba. Sehemu zote zinazogusa mafuta ziwe za chuma kisichoshika kutu. Shaba isitumike, kwa kuwa huharakisha mafuta kuvunda.

Kwa parafujo, namba inayotangazwa huwa ni kilo kwa saa. Hapo pia kuna mtego, au tuseme kuna mawili. Namba hiyo ni ya mbegu zinazoingia, si ya mafuta yanayotoka. Na mara nyingi ilipimwa kwa karanga, soya au alizeti, si kwa mbata. Mashine iliyoandikwa kilo 100 kwa saa inaweza kusaga mbata kidogo kuliko hapo, kutegemea nafasi kati ya vyuma vya pipa na ukubwa wa vipande.

Nazi zenyewe ziko wapi?

Hili ndilo swali ambalo kikundi kingeanza nalo. Tuchukue mashine ya parafujo ya kilo 50 za mbata kwa saa, ambayo katika matangazo ni ndogo. Ikifanya kazi saa 6 kwa siku, inakula kilo 300. Tukikadiria nazi 6 kutoa kilo moja ya mbata, hizo ni nazi 1,800 kwa siku, 9,000 kwa juma la siku tano, na 450,000 kwa majuma 50 ya mwaka. Mnazi ukitoa nazi 40 kwa mwaka, kikundi kinahitaji mavuno yote ya minazi 11,250. Si minazi inayoonekana kutoka barabarani, bali ile ambayo wenyewe wamekubali kukiuzia kikundi kila nazi.

Na mnazi una wateja wengine. Ule unaogemwa tembo hauzai nazi kwa kipindi hicho. Madafu yanakwenda mijini na hotelini. Mfanyabiashara wa lori anafika shambani na pesa mkononi na kubeba nazi nzima hadi Mombasa au Nairobi. Mzee mwenye minazi ishirini hatakataa pesa za leo ili asubiri malipo ya kikundi ya mwezi ujao. Kikundi kinachotaka nazi lazima kiwe na fedha za kununulia nazi, mbali na zile za mashine, na bajeti nyingi za vikundi hazina mstari huo.

Tena nazi iwe nazi. Koroma lina maji mengi na mafuta machache. Anayefua nazi bila kuchagua, akichanganya makoroma na nazi zilizokomaa, atapata mafuta kidogo kutoka kwenye mashine yoyote.

Mashine ya jeki ni mpole zaidi katika hesabu hii. Tuseme inabeba kilo 5 kwa fungu na kila fungu linachukua nusu saa pamoja na kupakia na kupakua. Kwa saa 6 ni kilo 60 za nazi kavu iliyokunwa, sawa na nazi 360 hivi kwa siku. Hata hizo ni nyingi kwa mtu wa mbuzi. Zinahitaji mashine ya kukunia yenye mota. Lakini kikundi cha watu ishirini wenye mashamba kinaweza kukusanya nazi 360 mara tatu kwa juma bila kuhangaika.

Mafuta mengi, au mafuta ya bei?

Parafujo inashinda kwa wingi wa mafuta, na ni haki kulisema hilo. Mbata ya kilo 100 yenye mafuta asilimia 60 ina kilo 60 za mafuta ndani yake. Mashine ikiacha mashudu yenye mafuta asilimia 10, kinachotoka ni kilo 55 na nusu hivi. Ikiacha asilimia 20, jambo linalowezekana kwa jeki, zinatoka kilo 50. Tofauti hiyo ni kama lita 6 kwa kila kilo 100. Kwa mwaka mzima ni pesa.

Ila mafuta hayo mawili hayauzwi katika duka moja. Ya parafujo kutoka kwenye mbata ni ya kupikia, ya kutengenezea sabuni, au ya kuuziwa kiwanda kinachosafisha zaidi. Huko yanashindana na mafuta ya mawese yaliyoagizwa kwa meli, na ushindani ni wa bei. Ya jeki kutoka kwenye nazi mbichi iliyokunwa na kukaushwa kwa uangalifu ni meupe kama maji, yana harufu ya nazi, na wanunuzi wake ni wenye maduka ya vipodozi, hoteli, na watu wanaoyatumia kwa nywele na ngozi. Hao hulipa zaidi kwa lita, lakini ni wachache, na hukataa chupa moja yenye harufu mbaya kisha wasirudi. Kikundi ambacho hakijazungumza na mnunuzi hata mmoja hakina msingi wa kuchagua kati ya mashine hizi mbili.

Ikiwa nazi ni nyingi na zinapatikana mwaka mzima, umeme upo, na kuna mnunuzi wa mafuta mengi, parafujo ndiyo chaguo. Ikiwa nazi ni za mashamba ya wanachama, umeme ni wa nyumbani au haupo, na kuna subira ya kutafuta wateja wa chupa ndogo, jeki itakilipa kikundi mapema zaidi. Kwa vikundi vingi vya vijijini hali hii ya pili ndiyo iliyopo, hata kama mashine yake haivutii kwenye picha ya uzinduzi.

Mashudu nayo ni bidhaa. Wafugaji huyanunua kwa ng'ombe wa maziwa na kuku. Mbata iliyoota ukungu, hata hivyo, inaweza kuwa na sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo hubaki zaidi kwenye mashudu kuliko kwenye mafuta. Ng'ombe akiyala hupitisha sehemu yake katika maziwa. Mbata yenye ukungu isikamuliwe kwa matumaini kwamba mashine itaisafisha. Vilevile mashine inayokamua mwarobaini au mbarika kwa ajili ya sabuni isitumike tena kwa mafuta ya kula, hata ikioshwa mara ngapi.

Umeme, spea na leso

Parafujo ndogo huweza kuendeshwa kwa umeme wa nyumbani, lakini zile za biashara huhitaji fezi tatu. Mota ya kilowati 7.5 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa 8 inatumia uniti 60 kwa siku. Kikundi kipate jibu la maandishi kutoka Kenya Power kuhusu gharama ya kuvutiwa laini kabla ya kulipia mashine. Injini ya dizeli ni njia nyingine, na kelele na mafuta yake yaingie kwenye hesabu.

Parafujo na vyuma vya pipa huliwa na msuguano. Mchanga ndio adui mkubwa. Mbata iliyoanikwa chini kwenye mchanga wa Pwani itamaliza parafujo mpya kabla ya wakati wake. Anayeuza mashine aonyeshe spea hizo zikiwa dukani, si kwenye orodha. Jeki ina mpira wa kuzuia kuvuja ambao hupatikana kwa wauza spea za magari, na mifuko ya kitambaa ambayo hupasuka na kushonwa upya.

Usalama mara nyingi huachiwa bahati. Mikanda na magurudumu yanayozunguka yafunikwe kwa kinga ya chuma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka hivyo, na inataka pia sehemu ya kazi isajiliwe. Leso na buibui vinashikwa na mkanda kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo wafanyakazi wavae koti la kazi lililobana. Watoto wasiingie chumbani mashine ikiwashwa. Jeki inayovuja isitumiwe kwa kusema "tumalize fungu hili".

Kabla ya kulipa

Jaribio bora ni moja: kikundi kibebe gunia la mbata au nazi yake kavu hadi kwa muuzaji, kipime uzito, kikamue, kisha kipime mafuta na mashudu. Muuzaji anayekubali kuonyesha video pekee hajaonyesha kitu. Dakika kumi hazitoshi. Mashine ya parafujo iachwe izunguke saa mbili, ipate joto, ionekane kama inaziba. Mkataba utaje muda wa dhamana, nani analipia usafiri wa kurudisha, na siku ngapi za kuwafunza waendeshaji. Wafunzwe watu watatu au wanne, wasiwe mmoja tu ambaye akiolewa au akipata kazi Mombasa, mashine inalala.

Fedha za kuchujia na kufungasha zitengwe mapema. Mafuta yanayotoka kwenye mashine yoyote yana unga wa nazi ndani yake. Huachwa yatulie, kisha huchujwa. Maji yakibaki, mafuta huvunda. Mitungi iliyowahi kubeba kemikali au mafuta ya gari isitumike kabisa. Na mteja wa Limuru akipiga simu kulalamika kwamba mafuta yameganda, aambiwe hayajaharibika: mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na huyeyuka chupa ikiwekwa kwenye maji ya uvuguvugu.

Bidhaa haiwezi kuingia madukani bila nembo ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Wanaoshika chakula wanahitaji cheti cha afya, na jengo hukaguliwa na maafisa wa afya ya umma wa kaunti. Leseni ya biashara ni ya kaunti pia. Ni rahisi zaidi kumwita mkaguzi aone mchoro wa chumba kabla ya kujenga kuliko kubomoa ukuta baadaye.

Mashine inayopendekezwa kununuliwa kwa fedha za umma hupitia vikao vya maoni ya wananchi, na mkazi ana haki ya kuuliza maswali yale yale: mbata itatoka kwa wakulima gani, itakaushwa wapi wakati wa masika, laini ya umeme ni ya aina gani, na nani amesema atanunua mafuta. Kikao kinaweza kuonekana kirefu. Maswali hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu pamoja na majibu yake.

Ushauri kuhusu aina za minazi na ubora wa nazi unapatikana katika kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Mtwapa. Taasisi ya KIRDI hushughulikia teknolojia ya viwanda vidogo. Pa kuanzia ni kwa afisa wa kilimo wa wadi. Kikundi kinachomwendea kibebe daftari lenye majina ya wanachama, idadi ya minazi ya kila mmoja, na nazi zilizoangushwa katika miezi mitatu iliyopita.